Usalama wa Hifadhidata Iliyopachikwa katika Programu za Nyuzi Nyingi: Mfano wa SQLite katika Kazi ya Kamusi

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu watunga kamusi wa lugha za Kiafrika walifanya kazi yao kwa kadi. Kila neno liliandikwa katika kadi yake, pamoja na maana, mfano wa matumizi na jina la mahali lilipopatikana. Kisha kadi hizo zikapangwa kwa alfabeti ndani ya visanduku. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, lakini ulikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kwamba kadi ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Haikuwezekana watu wawili kuiandika kadi ile ile kwa pamoja bila ya kuonana.

Siku hizi visanduku vya kadi vimeiachia nafasi hifadhidata ya kompyuta, na programu inayoiendesha hifadhidata hiyo aghalabu hufanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Humwonyesha mhariri kidahizo anachokitengeneza. Papo hapo husoma matini mpya na kuhesabu maneno yake. Na pengine huwa inatayarisha nakala ya akiba. Basi ile sifa ya kadi imepotea. Mikono mingi huweza kuifikia rekodi moja kwa wakati mmoja, na mikono hiyo haionani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hifadhidata iliyopachikwa ndani ya programu inavyoweza kutumiwa kwa usalama katika hali hiyo. Hoja yetu ni moja. Kufuli ambalo hifadhidata hujiwekea yenyewe hulinda umbo la data, lakini halilindi maana yake. Ulinzi wa maana ni wajibu wa mtunga programu, na njia iliyo nyepesi ya kuutimiza wajibu huo ni kuupa kila uzi muunganisho wake.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lawahusu nini wanaisimu. Lawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, watafiti wengi wa lugha sasa hujitungia programu ndogo za kukusanya na kuchambua data, hasa kwa lugha ya Python, pasipo kupata mafunzo ya uhandisi wa programu. Pili, data ya lugha mara nyingi haipatikani tena ikipotea. Majina ya upepo, ya samaki au ya sehemu za jahazi yaliyoandikwa kwa kumsikiliza mzee mmoja hayawezi kukusanywa upya ikiwa mzee huyo amekwisha kufariki. Hasara ya namna hiyo si ya fedha, wala hailipiki.

2. Istilahi

Kabla ya kuendelea yafaa tuziainishe istilahi chache tutakazozitumia.

Hifadhidata iliyopachikwa ni ile isiyokuwa na seva yake. Hifadhidata kama PostgreSQL au Oracle huendeshwa na programu ya pekee inayokaa kando na kupokea maombi, mfano wa karani wa masijala anayekaa dirishani: anayetaka jalada humwomba karani, naye karani ndiye aingiaye ndani kulileta. Hifadhidata iliyopachikwa haina karani. Ni mkusanyo wa taratibu zinazoingizwa ndani ya programu yenyewe, na data huwa katika faili la kawaida kwenye diski. Anayetaka jalada huingia masijala mwenyewe.

Mchakato ni programu iliyo katika kutenda, ikiwa na eneo lake la kumbukumbu lisiloingiliwa na wengine. Uzi ni mfululizo mmoja wa matendo ndani ya mchakato. Mchakato mmoja waweza kuwa na nyuzi nyingi, na nyuzi hizo zote hutumia eneo moja la kumbukumbu. Tukiufananisha mchakato na nyumba, nyuzi ni watu wa nyumba hiyo: wana jiko moja na ghala moja, na mmoja akikisogeza kitu, mwenziwe hukikuta kimesogea.

Muunganisho ni njia iliyofunguliwa na programu kuiendea hifadhidata. Muamala, neno ambalo wasomaji wamelizoea katika mambo ya benki na ya kutumiana fedha kwa simu, ni kundi la matendo ambalo ama hukamilika lote ama hutanguka lote. Anayetuma fedha hataki zitoke kwake bila ya kumfikia mwenziwe. Kadhalika mtunga kamusi hataki kidahizo kiingie bila ya maana zake.

Mwisho ni kufuli. Hili ni kizuizi kinachouruhusu uzi mmoja kupita na kuufanya mwingine usubiri. Tatizo la kuwazuia watendaji wengi wasiingie pamoja mahali pa mmoja lilielezwa kwa utaratibu na E. W. Dijkstra katika mwaka wa 1965, na tangu hapo limekuwa somo la msingi katika taaluma ya kompyuta.

3. SQLite na mitindo yake mitatu

Hifadhidata iliyopachikwa inayotumiwa zaidi ni SQLite. Ilianzwa na D. Richard Hipp nchini Marekani, na toleo lake la kwanza lilitoka mwezi wa Agosti, 2000. Haina mwenye haki ya kuidai. Mtu yeyote huweza kuitumia bila ya malipo wala kibali. Imo ndani ya simu za Android, na vivinjari vya Firefox na Chrome huitumia kuweka kumbukumbu za kurasa zilizotembelewa. Umbo la faili lake halijavunjwa tangu toleo la 3 la mwaka wa 2004, na Maktaba ya Bunge la Marekani imelitia katika orodha ya maumbo yanayopendekezwa kwa kuhifadhia data. Kwa mambo hayo, mtafiti anayetaka data yake isomeke baada ya miaka mingi hakosei akiichagua.

Kuhusu nyuzi, SQLite huweza kutengenezwa kwa mitindo mitatu. Mtindo wa uzi mmoja, unaotambulishwa kwa tarakimu 0, hauna makufuli yoyote ya ndani, na haufai kabisa kutumiwa na zaidi ya uzi mmoja. Mtindo wa nyuzi nyingi, wenye tarakimu 2, huziruhusu nyuzi nyingi kuitumia hifadhidata kwa sharti kwamba muunganisho mmoja usitumiwe na nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Mtindo wa foleni, wenye tarakimu 1, ndio wa kawaida asipochagua mtu mwingine. Katika mtindo huo hata muunganisho mmoja huweza kuitwa na nyuzi nyingi, kwa kuwa kila mwito huwekewa kufuli na nyuzi hupanga foleni. Anayetaka kujua nakala yake ni ya mtindo gani huiuliza hifadhidata yenyewe kwa amri ya PRAGMA compile_options.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wakisoma kwamba mtindo wa foleni ni salama kwa nyuzi, hudhani ya kuwa kazi imekwisha. Hufungua muunganisho mmoja mwanzoni mwa programu na kuziachia nyuzi zote zikiutumia. Yatubidi basi kuuliza: salama kwa maana gani?

4. Kufuli linalolinda umbo tu

Mwanaisimu hahitaji kufunzwa kwamba sentensi huweza kuwa sahihi kisarufi na huku haina maana iliyokusudiwa. Ndivyo ilivyo kwa hifadhidata. Kufuli la mtindo wa foleni huhakikisha kwamba kila mwito mmoja unakamilika bila ya kuingiliwa, kwa hiyo faili haliharibiki na majedwali hayavurugiki. Lakini kazi ya mtu huwa ni miito kadhaa yenye kutegemeana, na baina ya mwito na mwito kufuli huwa wazi. Tutatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza. Tuchukue programu ya kamusi yenye jedwali la vidahizo na jedwali la maana. Kila kidahizo kikiingizwa hupewa namba, na namba hiyo ndiyo inayoziunganisha maana nacho. Uzi wa mhariri unaingiza kidahizo "kitanda". Hatua ya pili ni kuuliza: namba ya rekodi iliyoingizwa mwisho ni ipi? Hatua ya tatu ni kuziingiza maana kwa namba hiyo. Sasa, baina ya hatua ya kwanza na ya pili, uzi unaosoma matini, ambao unautumia muunganisho ule ule, unaingiza kidahizo "kitambaa". Mhariri anapouliza namba ya mwisho hupewa ya "kitambaa", kwa sababu namba ya mwisho hutunzwa kwa muunganisho, wala haitunzwi kwa uzi. Basi maana ya kifaa cha kulalia inaandikwa chini ya neno la nguo, na "kitanda" kinabaki bila ya maana.

Tuangalie hifadhidata imefanya nini. Kila mwito ulipita kwenye foleni kwa utulivu. Namba iliyotumika ni ya kidahizo kilichopo, kwa hiyo hata kanuni ya uhusiano wa majedwali haikuvunjwa. Hapakuwa na onyo wala hitilafu. Kosa hilo litagunduliwa na msomaji wa kamusi, pengine baada ya kuchapwa.

Mfano wa pili wahusu muamala. Uzi wa matini umefungua muamala ili uingize maneno ya kitabu kizima. Nia yake ni kwamba kitabu kikiwa na kasoro, maneno yote yatanguliwe kwa amri ya ROLLBACK. Wakati muamala huo ungali wazi, mhariri anasahihisha tahajia ya neno moja na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Uzi wake unatuma amri moja tu ya kusahihisha, ukiamini ya kuwa imetiwa muhuri papo hapo, na kioo kinamwambia kwamba kazi imehifadhiwa. Lakini muamala nao ni wa muunganisho, na muunganisho ni mmoja. Kwa hiyo sahihisho lake limeingia ndani ya muamala wa mwenziwe bila ya yeye kujua. Dakika moja baadaye uzi wa matini unakuta ukurasa usiosomeka, unatangua muamala, na sahihisho la mhariri linakwenda nao. Kinyume chake pia chawezekana: uzi wa mhariri ukitoa amri ya COMMIT, hutia muhuri nusu ya kitabu ambacho mwenziwe hajakimaliza.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo hapa ni muunganisho. Kufuli la foleni huwazuia manahodha wasiushike usukani kwa mikono minne, lakini haliwazuii kuupokezana kila mmoja akielekea bandari yake.

5. Kila uzi na muunganisho wake

Dawa ya matatizo hayo yote mawili ni moja: kila uzi ujifungulie muunganisho wake, uutumie peke yake, na uufunge umalizapo. Namba ya mwisho itakuwa ya uzi huo. Muamala utakuwa wa uzi huo. Na ROLLBACK ya mmoja haitagusa kazi ya mwingine. Kufungua muunganisho wa SQLite ni jambo jepesi, kwani hakuna seva ya kuiendea kwa safari ya mtandao.

Watumiaji wa Python wana mlinzi wa kuwasaidia katika jambo hili, ila wengi humfukuza. Moduli ya sqlite3 hukataa, isipoagizwa vingine, muunganisho kutumiwa na uzi usioufungua. Mtafiti akikutana na kataa hilo huona kuwa ni usumbufu, akatafuta njia ya kulinyamazisha, na njia ipo: kukiandika kigezo cha check_same_thread kuwa False. Programu huendelea, na yeye huona amefaulu. Kwa hakika amekiondoa kibao cha onyo na kuliacha shimo. Kigezo hicho kiliwekwa kwa ajili ya wale ambao wameshajipangia kufuli lao wenyewe, linaloshikwa tangu mwanzo wa muamala mpaka mwisho wake.

Kuhusu namba ya rekodi mpya, tangu toleo la 3.35.0 la mwaka wa 2021 amri ya kuingiza huweza kumalizikia kwa neno RETURNING, ikarudisha namba katika mwito ule ule. Ni msaada mzuri, lakini hauondoi haja ya muunganisho wa pekee, kwa kuwa tatizo la muamala hubaki pale pale.

6. Wasomaji wengi, mwandishi mmoja

Kila uzi ukiwa na muunganisho wake, mashindano huhamia kwenye faili. Kanuni ya SQLite ni kwamba wasomaji wanaweza kuwa wengi, lakini mwandishi ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwandishi wa pili akija huambiwa kwamba hifadhidata ina shughuli, na hitilafu hiyo hujulikana kwa jina la BUSY. Hii si dalili ya uharibifu. Ni sawa na kuambiwa dirishani "ngoja kidogo".

Kungoja huko hakuna budi kupangwa. SQLite yenyewe, isipoagizwa, haingoji hata kidogo. Moduli ya Python hungoja sekunde 5. Programu yenye uzi unaoandika kwa muda mrefu yafaa iongezewe muda huo, au bora zaidi, kazi ndefu igawanywe katika miamala mifupi.

Hata hivyo kuna hali ambayo kungoja hakuifai. Muamala wa kawaida wa SQLite huanza bila ya kufuli. Hulichukua la kusoma unaposoma, na la kuandika unapoandika. Tuseme nyuzi mbili zimekwisha kusoma na sasa kila mmoja wataka kuandika. Wa kwanza amepata nafasi ya kuandika, lakini hawezi kumaliza mpaka msomaji atoke. Na msomaji huyo ni wa pili, ambaye hatoki kwa kuwa naye anaingojea nafasi ya kuandika. Wakingojeana, watangojeana milele. Kwa sababu hiyo SQLite humkatalia mmoja mara moja, hata kama muda wa kungoja uliwekwa kuwa mrefu. Kinga ni kuuanza kwa amri ya BEGIN IMMEDIATE kila muamala unaojulikana kwamba utaandika. Amri hiyo huomba nafasi ya kuandika mlangoni, kabla ya kusoma chochote. Na huko mlangoni kungoja kunafaa.

Jambo jingine ni kusoma katika muamala mmoja na kuandika katika mwingine. Nyuzi mbili zikisoma kwamba neno "sasa" limehesabiwa mara 40, kisha kila mmoja ukaongeza 1 kichwani mwake na kuandika 41, hesabu moja imepotea. Hifadhidata haiwezi kujua, kwa sababu kwake ni kazi mbili zisizohusiana. Yafaa hesabu ifanywe ndani ya amri moja ya kuongeza, au kusoma na kuandika kuwe ndani ya muamala mmoja.

Tangu toleo la 3.7.0 la mwaka wa 2010 kuna pia utaratibu wa daftari la nyongeza, ujulikanao kama WAL. Katika utaratibu wa zamani, mwandishi alipotia muhuri ilibidi wasomaji wote wawe nje. Katika WAL mwandishi huandika mabadiliko katika faili la kando, na wasomaji huendelea kuiona hali ya data kama ilivyokuwa walipoanza kusoma. Msomaji hamzuii mwandishi, wala mwandishi hamzuii msomaji. Kwa programu ya kamusi, ambayo mhariri husoma muda wote na uzi mwingine huandika, huu ndio utaratibu ufaao. Waandishi bado hupishana mmoja mmoja. Na msomaji asikae ndani mno, kwani daftari la kando haliwezi kuanzwa upya akiwapo, nalo huzidi kukua.

7. Nakala za akiba na mipaka ya SQLite

Imebaki hatari moja inayowapata hata waangalifu. Katika WAL, mabadiliko mapya hukaa kwa muda katika faili lenye mwisho wa "-wal" kabla ya kuhamishiwa katika faili kuu. Mtu anayenakili faili kuu peke yake huku programu ikiendelea huenda akaondoka na kazi ya jana, akiamini ya kuwa amechukua ya leo. Isitoshe, katika mifumo ya jamii ya Unix, uzi wa akiba ukilifungua faili la hifadhidata kama faili la kawaida na kisha kulifunga, makufuli yote ya mchakato huo juu ya faili hilo hufunguka, na milango hubaki wazi pasipo mtu kujua. Nakala sharti ichukuliwe kwa taratibu za hifadhidata yenyewe, kama vile amri ya VACUUM INTO, iliyoongezwa katika toleo la 3.27.0 la mwaka wa 2019.

Kadhalika SQLite ina mpaka wake. WAL huhitaji wote wanaoitumia hifadhidata wawe katika kompyuta moja. Na hata bila ya WAL, makufuli ya faili hayategemeki katika diski zinazofikiwa kwa mtandao. Idara inayotaka wahariri kadhaa, kila mmoja na kompyuta yake, waandike katika kamusi moja, isiliweke faili katika folda ya pamoja. Hapo ndipo anapohitajika yule karani wa dirishani, yaani hifadhidata yenye seva.

8. Hitimisho

Tumeona ya kwamba usalama wa nyuzi ni wa daraja mbili. Daraja ya kwanza ni ya umbo, na SQLite huitimiza kwa makufuli yake. Daraja ya pili ni ya maana, nayo haiwezi kutimizwa na kufuli lolote lisilojua ni matendo gani yanayokwenda pamoja. Mwenye kujua ni mtunga programu, na namna yake ya kuieleza hifadhidata jambo hilo ni muamala ulio katika muunganisho usioshirikiwa.

Wapo wataalamu wanaoshauri nyuzi ziepukwe kabisa. Edward A. Lee wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa hoja katika mwaka wa 2006 kwamba nyuzi huiondolea programu sifa ya kutabirika, na watunzi wa SQLite wenyewe wana mwelekeo huo. Kwa mtafiti mwenye programu ndogo ushauri huo ni mwema: ikiwa kazi yaweza kufanywa na uzi mmoja, na ifanywe hivyo. Lakini programu ikiwa haina budi kuwa na nyuzi nyingi, basi kila uzi uwe na muunganisho wake, kila kazi ya kuandika ianze kwa kuomba nafasi, na nakala zichukuliwe kwa njia iliyo halali.

Mtunga kamusi wa zamani aliilinda kadi yake kwa kuishika mkononi. Mtunga kamusi wa leo hawezi kuishika rekodi, lakini anaweza kuamua ni nani aiguse na kwa wakati gani. Akiliacha neno la uamuzi huo kwa mashine, mashine itamhifadhia vizuri kabisa maana ya kitanda chini ya kitambaa.